Gari moja, kaskazi na kipupwe

Gari langu lina misimu miwili. Upande wangu kaskazi, upande wa mama watoto kipupwe. Mimi natokwa jasho hadi kwenye kope, yeye kajitanda shuka na meno yanagongana. Ukibonyeza kupunguza baridi, taa inawaka, namba zinabadilika, hewa yenyewe haina habari.

Fundi kaangalia dakika mbili, kasema kile kidude cha vitufe kinachoongoza AC kimekufa. Basi nikanunua cha mtumba, kimeng'olewa kwenye gari bovu. Namba ya spea nililinganisha tarakimu kwa tarakimu, maana vidude hivi hufanana kama mapacha, halafu ukifika nyuma soketi zinakataana.

Nikasema, skrubu nne tu, nitafanya mwenyewe. Kweli ni nne. Lakini kuzifikia mpaka utoe redio, redio haitoki mpaka ubandue fremu, na fremu imeshikwa na klipu za plastiki zilizopigwa jua tangu gari likiwa kijana. Ya kwanza: tak! Ya pili: tak! Ya tatu nikaibembeleza kama mtoto mwenye homa. Tak! Ya nne ikatoka nzima, ikaruka, ikazama kwenye tundu la hewa chini ya kioo cha mbele. Mpaka leo nikikata kona inabisha hodi.

Nikafunga, nikarudisha waya za betri, nikawasha swichi. Dashibodi ikaanza kuguna: ngrrr, tik-tik, ngrrr. Nikabonyeza kila kitufe ili inyamaze. Kumbe ni vimota vya vile vilango vya hewa, vinatafuta mwanzo na mwisho wao, na wakati huo hutakiwi kugusa kitu! Nikazima, nikawasha upya, mara hii mikono nimeikalia.

Hewa ikaja. Sawasawa, pande zote mbili! Nikamwita mama watoto aje aone ameolewa na nani. Akaketi, akapeleka kiganja kwenye tundu la hewa, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akawasha redio.

Redio inadai namba ya siri, kwa sababu nilichomoa betri. Namba hiyo anayo mwenye gari wa kwanza, popote alipo.

"Baba watoto," akasema, huku analikunja shuka taratibu, "baridi nilikuwa na cha kujifunika. Sasa kimya hiki nijifunike nini?"