Picha ya Kitambaa Haitoshi, Andika na Hesabu Yake

Mtu akibuni kitambaa cha meza cha kroshia, akakitandaza vizuri, akakipiga picha na kuandika chini yake "karibuni tujifunze", bado hajafundisha kitu. Ametuonyesha tu. Anayetaka kukifuma itabidi aivute picha mpaka ianze kufifia, ahesabu nguzo, yaani vishono virefu, moja moja kwa kidole, na akifika katikati ambako uzi umesongamana, abahatishe. Na kosa huzaliwa huko huko katikati: mzunguko wa pili ukikosewa, deni lake hulipwa kwenye mzunguko wa kumi na mbili, kitambaa kikiwa kimeshajikunja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka kugawa ubunifu wake aandike hesabu ya kila mzunguko, hata kama ameweka picha ishirini na video juu yake. Kila mstari wa maelekezo umalizike kwa idadi: "jumla nguzo 36". Mfumaji akipata 35, anajua palepale pa kurudi, kabla hajafuma saa mbili zaidi.

Tuchukue duara la kawaida la kroshia. Ukifuma kwa nguzo, unaanza na 12, kisha 24, 36, 48. Kila mzunguko unaongeza 12. Ukifuma kwa vishono vifupi, unaanza na 6 na kuongeza 6. Namba hizi zina sababu. Kila mzunguko unasogea mbali na kitovu kwa urefu wa kishono kimoja, na ukingo wa duara unakua mara sita na kidogo ya urefu huo. Kishono kifupi kina urefu unaokaribiana na upana wake, basi sita zinatosha. Nguzo ni ndefu karibu mara mbili ya upana wake, basi zinatakiwa 12. Ukiongeza pungufu, kitambaa kinainuka kama kofia. Ukizidisha, kinafanya marinda. Halafu kuna hasara moja ya kimyakimya: minyororo mitatu ya kuanzia, yaani vitanzi vitatu vya uzi vinavyofuatana, inahesabiwa kuwa nguzo ya kwanza, na wengi hufunga mzunguko bila kuifuma kileleni. Kila mzunguko unapoteza nguzo moja, na mfumaji anaulaumu uzi. Sentensi moja tu, "minyororo 3 ya mwanzo ni nguzo", ingemwokoa.

Shida nyingine ni majina. Tunajifunza kufuma kwa kutazamana, kila mtaa na maneno yake, na nguzo ya mmoja ni fupi kuliko ya mwenzake. Hata Waingereza na Wamarekani, pamoja na kusema lugha moja, jina ambalo Marekani ni la nguzo, Uingereza ni la kishono kifupi. Ukichukua maelekezo yao bila kujua yametoka upande gani, unapata kitu kingine kabisa. Dawa yake ni kueleza tendo mwanzoni kabisa: nguzo ni kuviringisha uzi mara moja kwenye sindano ya kroshia, kuchoma, kuvuta kitanzi, kisha kuvuta uzi kupitia vitanzi viwili, na viwili tena. Ukiweza kuchora, bora zaidi. Alama za michoro ya kroshia zinasomeka kokote: yai dogo ni mnyororo, msalaba mdogo ni kishono kifupi, herufi T yenye mkato mmoja ni nguzo, na mikato miwili maana yake umeviringisha uzi mara mbili.

Nanasi, lile pambo la kroshia lenye umbo la tunda hilo, ndilo hasa linalostahili kuandikwa kwa uangalifu. Kitako chake ni nguzo nyingi ndani ya nafasi moja, tuseme 10. Mzunguko unaofuata, weka kishono kifupi juu ya kila nguzo na minyororo 3 katikati yake: unapata vitanzi 9. Baada ya hapo unafuma ndani ya vitanzi peke yake, navyo vinapungua: 8, 7, 6, mpaka kinabaki kimoja cha ncha. Kila upande wa nanasi kuna kishada cha nguzo 2, minyororo 2, nguzo 2, na kati ya kishada na kitanzi cha kwanza kuna minyororo 3 ya kuvukia. Hiyo ya kuvukia haifumwi ndani yake kamwe. Ukiifuma, vitanzi havipungui, na nanasi linakuwa boksi. Kwenye picha, minyororo ya kuvukia na ya kitanzi zinafanana mno. Ni maandishi yanayozitenganisha.

Na nanasi si la mtu. Ni umbo la zamani, limepita mikono mingi, na anayelitumia aseme wazi kilicho chake: labda mpangilio wa mananasi manane, labda ukingo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda maandishi, picha na michoro yako. Namna ya kufunga nguzo haina mwenyewe. Kutaja ulikojifunza hakukupunguzii chochote.

Unene wa sindano ya kroshia uandikwe kwa milimita, kwa sababu zile nyembamba za chuma namba ikipanda unene unashuka. Kwa nguo, fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vishono ndani ya sentimita 10 za katikati. Tofauti ya 20 na 18 inaonekana ndogo, lakini kwenye vishono 100 ni sentimita 50 dhidi ya 55 na nusu, na sweta hiyo haimfai aliyepimwa. Kiasi cha uzi kipime kwa mizani ya jikoni: umetumia gramu 35 za donge la gramu 50 lenye mita 100, basi andika mita 70. "Donge moja" haimsaidii mtu, maana madonge hayalingani.

Kwa shanga kwenye ukingo, idadi itajwe mapema, kwani zote hutungwa kwenye uzi kabla ya kuanza. Zikipungua, ni kukata uzi. Ukingo wa vitanzi 96 unataka shanga 96, na tano za akiba. Ya mwisho kutungwa ndiyo ya kwanza kufumwa, basi kama rangi zinabadilika andika mpangilio wa kutunga kinyume cha ule wa kufuma. Ushanga hubaki nyuma ya kishono kifupi, kwa hiyo mwambie mfumaji ageuze kitambaa na kufuma mzunguko huo kwa upande wa ndani, la sivyo shanga zote zitalala juu ya meza. Ikiingia rangi isiyo yake, usiubane ushanga kwa koleo, vigae vitakata uzi. Ingiza sindano nene kwenye tundu lake na uisukume mpaka ushanga upasuke kuelekea nje, macho yakiwa yamekingwa.

Kabla ya kugawa, mpe mtu mmoja maandishi matupu bila picha, afume, nawe usimsaidie. Kila mstari atakaopiga simu kuuliza, andika upya.