Simu janja kumpima mzee demensia: nani aishike?

Kwa zahanati ya Newala au Nachingwea, huko kusini mwa Tanzania, simu janja ina mvuto kama kipimo cha demensia, yaani kufifia kwa kumbukumbu na akili. Bingwa wa magonjwa ya ubongo yuko mbali, na mzee hasafirishwi kwa sababu tu "anasahausahau". Lakini programu nyingi humpa mzee mwenyewe simu aguseguse kioo, kisha hupima kasi na makosa yake. Hapo ndipo panapoharibika.

Kioo hutambua kidole kwa chaji ndogo ya umeme kwenye ngozi. Kidole kikavu chenye sugu, au kilichoungua miaka mingi kwa mafuta ya ganda la korosho, hakitambuliki kila mara. Mzee anagusa mara tatu, simu inaandika kachelewa. Mwenye mtoto wa jicho ndiyo kabisa. Simu nazo hazilingani: kioo cha hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 17 hivi, na ya bei nafuu iliyowekwa kwenye hali ya kuokoa chaji huzidi kuchelewa. Ukibadilisha simu katikati ya ufuatiliaji, "kudhoofika" unakokuona huenda ni kwa simu.

Kwa mzee asiyejua kusoma, tayari tuna mfano wa hapa nchini. IDEA, kipimo cha kumbukumbu na akili kilichotengenezewa Hai, Kilimanjaro, kina alama 15. Badala ya kumtaka asiyesoma achore kwa kalamu, humpa njiti za kiberiti apange umbo. Humtaka pia ataje wanyama kwa dakika moja na akumbuke maneno 10. Kilipoingizwa kwenye simu, aliyeishika alikuwa mhudumu wa afya. Huo ndio mpango unaofaa kusini pia, ila maswali yatafsiriwe mapema kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao. Mjukuu akitafsiri papo hapo, hudokeza na jibu.

Hata hivyo, wanaoipigia debe simu wana hoja moja nzito: marudio. Mwenye demensia ana siku njema na siku mbaya, hivyo wastani wa vipimo vifupi vya siku kadhaa unaaminika kuliko kipimo kimoja cha mzee aliyefika hospitali ya Ligula, Mtwara, amechoka na safari. Masharti: simu ileile, saa ileile, miwani usoni, orodha ya maneno ibadilishwe. Jaribio la kwanza ni la kujifunzia, lisihesabiwe. (Asiyepata nafuu yoyote kwa kurudia, hiyo nayo ni dalili.)

Alama ndogo haitoshi kusema ni demensia. Aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku chache apelekwe hospitali siku hiyohiyo: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au upungufu wa maji. Sonona, upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa pia hushusha alama. Kisha waulizwe wa nyumbani: chenji bado anaihesabu? Njia ya shamba haimpotei?

Limebaki suala la ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Ridhaa ya mtu ambaye uwezo wake wa kuamua unafifia ni vyema ichukuliwe mapema, akiwa bado anaelewa anachokubali. Tena matokeo yasikae kwenye simu ambayo jioni watoto wa mhudumu wanachezea gemu.