Mwenye Nyumba Anahesabu Titan, Mwajiri Anahesabu Iapetus

Mimi ni mpangaji wa kawaida katika Zohali, sayari ambayo wataalamu wote wameiorodhesha miongoni mwa sayari za gesi, na bado maharage yangu yanaachwa jikoni nusu mabichi kwa sababu mtungi wa gesi umeisha. Ukimweleza mtu wa Duniani jambo hili, na ukawa na subira ya kungoja zaidi ya saa mbili na nusu ili ujumbe wako ufike na jibu lirudi, atakuuliza kwa nini usifungue dirisha ukachota. Ndugu yangu, nje ya dirisha kuna hidrojeni, na ni nyingi kiasi cha asilimia 96 ya kila kinachopita hapo, lakini hidrojeni peke yake haiwaki hata ukiipigia kiberiti kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa kuwa huko nje hakuna oksijeni ya kuiunguza. Kwa hiyo gesi ya kupikia sisi tunayo bure, tumeogelea ndani yake, ila kinachouzwa kwenye mtungi ni hewa ya kuiwashia moto, na bei ya hewa hiyo hata muuzaji mwenyewe huitaja akiangalia pembeni.

Oksijeni hiyo hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, na maji yenyewe hutoka kwenye pete, ambazo karibu zote ni barafu. Mtu angedhani kwamba watu wanaoishi chini ya barafu nyingi namna hiyo wasingelijua neno mgao. Tatizo ni kwamba vipande vya barafu katika pete ile pana ya B vinakimbia kilomita 19 hivi kwa sekunde, na kukipunguzia kasi kipande kimoja mpaka kikubali kushuka kwa ustaarabu ni gharama inayoanzia huko juu na kuishia kwenye bili yangu. Juu ya hayo, mamlaka ya maji imebandika tangazo la kututaka tubane matumizi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwaka 2018 wanasayansi walikadiria kuwa maji ya pete yanaimwagikia sayari kwa kiasi cha kujaza bwawa la kuogelea la Olimpiki kila nusu saa, na kwamba kwa mwendo huo pete zitakuwa zimekwisha baada ya miaka milioni 300. Mimi nina ndoo mbili na watoto watatu, nami natakiwa nioge kwa kikombe kimoja kwa ajili ya miaka milioni 300 ijayo, ilhali bwawa zima linamwagika kila nusu saa na hakuna fundi aliyepigiwa simu kuja kuziba.

Pesa ya mtungi mwingine haipo, na ili kueleza kwa nini haipo ni lazima niingie kwenye hesabu za miezi. Dunia ina mwezi mmoja, na watu wake hawajui neema waliyopewa. Zohali ilikuwa na miezi 274 iliyothibitishwa kufikia Machi 2025, na kila anayenidai amejichagulia wake. Mwenye nyumba anahesabu kwa Titan, ambao hukamilisha mzunguko wake kwa siku 16 za Duniani. Mwenye duka ana haraka zaidi, kwa hiyo anahesabu kwa Enceladus, unaomaliza mzunguko kwa saa 33, na daftari lake la mikopo hufungwa kabla sijamaliza unga wenyewe niliokopa. Mwajiri wangu alitafakari kwa kina, akashauriana na wanasheria, kisha akachagua Iapetus, unaochukua siku 79. Maana yake ni kwamba kati ya mshahara na mshahara mwenye nyumba hubisha hodi karibu mara tano, na kila mara huniuliza, kwa mshangao ambao naamini ni wa kweli, inakuwaje mtu mwenye ajira ya kudumu asiwe na kitu mwisho wa mwezi.

Hata huo Iapetus ukikamilika, mambo hayaishi. Mwezi huo una upande mmoja mweusi tititi na mwingine mweupe pe. Giovanni Cassini, aliyeugundua mwaka 1671, alikuwa akiuona vizuri ulipokuwa magharibi mwa sayari na kuupoteza kila ulipohamia mashariki, na mhasibu wetu ameisoma habari hiyo kwa makini kuliko alivyowahi kuusoma mkataba wangu. Siku ya malipo huelekeza darubini, hukunja uso, huifuta lenzi, kisha hutangaza kwamba kilichoonekana safari hii ni nusu tu, hivyo itakayotoka ni nusu ya mshahara. Malimbikizo nayo yanashughulikiwa na ofisi nyingine inayotumia Phoebe, mwezi unaozunguka kinyumenyume kwa siku 550. Nilipokwenda kufuatilia, karani alinionyesha karatasi ambayo kwa mujibu wake deni la kampuni kwangu linapungua kila mzunguko bila mimi kulipwa chochote, na nilipouliza linakokwenda akaniambia nirudi Phoebe ijayo. Suala la mwandamo wa Idi sitaligusa kabisa. Kwetu tulikuwa na mwezi mmoja tu angani na bado tulisali siku mbili tofauti katika mtaa mmoja.

Kuhusu kazi yenyewe, siku ya huku ni fupi kupita kiasi. Ndani ya sayari mzunguko mmoja huchukua saa 10 na dakika 33, lakini sisi tunaoelea ikweta tunasukumwa mbele na upepo unaoweza kufikia kilomita 1,800 kwa saa, kwa hiyo Jua letu hurudi baada ya saa 10 na dakika 14. Mkataba unasema saa nane za kazi kwa siku, na waliouandika hawakuona haja ya kusema siku ya wapi. Nikitoka zamu ninabakiwa na saa mbili na dakika 14 za kula, kuoga kile kikombe changu, kuwasaidia watoto hesabu, kusikiliza kesi za nyumbani na kulala usingizi ambao kabla haujakolea saa ya kuamkia imekwisha kulia. Na kwa kuwa makao makuu ya kampuni yanafuata ile hesabu ya ndani ya sayari, kila siku tunaandikwa kwamba tumetoroka kazini dakika 19 kabla ya muda.

Mtu anaweza kuuliza ni nani aliyenileta. Ni dalali. Mimi ni mzaliwa wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambako setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini. Wazee wetu waliviona vyombo vikipaa mbele ya macho yao, wakavipungia mkono, wakaendelea kutega samaki, na sasa ndipo ninapouona upeo wa akili zao. Dalali alinionyesha picha ya pete zimetanda nusu ya anga, zinametameta, na katika kodi akaweka kipengele cha mandhari ya pete ambacho ninakilipa hadi leo. Alichonyamazia ni kwamba picha ile ilipigwa mbali na ikweta. Mji wetu uko ikweta, na pete nazo zimekaa juu ya ikweta hiyohiyo, kwa hiyo sisi tunazitazama kwa ubavu, na kitu chenye upana wa takriban kilomita 280,000 kutoka ukingo hadi ukingo, lakini ambacho unene wake kwa sehemu kubwa ni kama mita 10, kikitazamwa kwa ubavu kinabaki kuwa uzi. Nilimwita aje aione mandhari aliyoniuzia. Alisimama dirishani kwa muda mrefu, akafumba jicho moja, akasogea kushoto, kisha akanyoosha kidole na kusema, "Si zile pale, mzee wangu?" Alikuwa ameonyesha mkwaruzo wa kioo. Dirisha la sebuleni linaangalia kaskazini, na uzi wenyewe unapita mashariki hadi magharibi juu ya paa, hivyo mahali pekee nyumbani kwangu pa kuzifaidi pete za Zohali ni kidirisha cha choo, na ni lazima usimame juu ya ndoo.

Dalali huyohuyo siku hizi anauza viwanja. Zohali haina ardhi ya kukanyaga. Ukidondosha kijiko nje, kinashuka na kushuka mpaka joto la huko chini likiyeyushe. Viwanja vyake hata hivyo vimepimwa, vina hati, na kimoja tayari kimeuziwa watu wawili. Baraza la usuluhishi liliwaita, lakini kila mmoja anaelea kwa mwendo wa upepo wa kwake, na kesi inasubiri siku watakayopitana.

Mambo hayo yote ningeyavumilia kama si kodi ya uzito. Mji umewekwa mahali ambapo shinikizo la hewa ni kama la ufukweni Duniani, lakini baridi ya nje ni nyuzi 139 chini ya sifuri, na hewa tunayopumua ndani ya nyumba ni nzito zaidi ya mara tano kuliko gesi iliyotuzunguka. Duniani ukijaza puto hidrojeni linapaa. Huku hidrojeni haina wa kumzidi wepesi, kwa kuwa jirani zake wote ni hidrojeni pia. Kwa sababu hiyo tunaning'inia chini ya puto kubwa la hidrojeni iliyopashwa moto, na kila chenye uzito, awe mtu, gunia au hewa iliyomo kifuani mwa mtu, kinalipiwa sehemu yake ya moto. Mwenye nyumba ameweka mizani mlangoni na mlinzi wa kuisoma kwa sauti.

Wasiolipa ni wapangaji wa juu. Ndivyo mtaani tunavyowaita wale wanyama wa mawinguni, wapana kuliko uwanja wa mpira na wembamba kuliko shuka, ambao hujilaza juu ya puto kwa ajili ya joto kama mbuzi wanavyolala juu ya lami usiku. Mwaka 1976 Carl Sagan na Edwin Salpeter waliandika juu ya uwezekano wa viumbe wanaoelea katika anga la Mshtarii, lakini kwenye suala la nani alipie joto lao walitunyima mwongozo. Wakishalala wanne, mji unashuka, mashine ya kupasha inanguruma, na bili inagawanywa kwa wapangaji wanaopumua oksijeni. Kuwafukuza ni kosa kisheria. Fundi aliyeitwa mara ya mwisho alipanda na fimbo, akakaa huko juu zamu nzima, akashuka akasema wana macho ya upole.

Katika hali hiyo ndipo mama mkwe alipokuja kututembelea. Chombo cha Cassini kilichoondoka Duniani Oktoba 1997 kilifika huku Julai 2004, na mama mkwe, ambaye hapendi gharama, alikuja kwa njia hiyohiyo ndefu. Mtu aliyekaa safarini karibu miaka saba haji kwa ajili ya kushinda na kuondoka. Alikuja na mchele, papa mkavu, mbuzi ya kukunia nazi na, kwa kuwa aliambiwa huku hakuna vyombo vya maana, kinu cha mti pamoja na mchi wake.

Mlinzi hakuwa na haya hata kidogo. "Bibi, shikamoo, tafadhali panda mizani," alisema, mbele ya majirani waliokuwa wamejipanga ukutani kana kwamba wamealikwa. Mimi nilitazama dari. Mke wangu alinitazama mimi. Mama mkwe alivua viatu taratibu, akapanda, mlinzi akatangaza kilo zake kwa sauti ya kunadi samaki mnadani, na katika ukimya ule uliofuata mama mkwe akaisoma mizani mwenyewe, akaisoma tena, kisha uso wake ukafunguka. "Nimepungua," alisema. "Hewa ya huku imenikubali." Kila mtu pale mlangoni alijua kwamba ikweta ya Zohali, kwa jinsi sayari inavyozunguka kwa kasi, humpunguzia kila mtu karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa Duniani, pamoja na viatu vyake. Hakuna aliyefungua kinywa kumweleza, na mimi nikiwa wa mwisho kabisa ambaye angethubutu. Kisha mlinzi akapima kinu, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilishuka, nadhani kwa kunihurumia.

Tangu hapo mama mkwe anapanda ile mizani kila asubuhi kwa hiari yake, na kila akipanda mwenye nyumba anaandika. Nilipoona Titan ya pili inakaribia kutimia nilijikaza kiume, nikasubiri mke wangu atoke kwenda dukani, nikamwuliza Mama kwa adabu zote, huku nikimwongezea chai, kama amepanga kukaa nasi kwa muda gani. "Mwaka mmoja tu, mwanangu," alisema, "sipendi kuwachosha." Mwaka wa Zohali ni miaka 29 na miezi kadhaa ya Duniani. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa ni yangu, kama anakusudia mwaka wa huku au wa nyumbani. Akanitazama kama anayejiuliza binti yake alimwona nini mtu huyu, akasema kwamba mgeni mwenye adabu hufuata kalenda ya wenyeji wake, kisha akaniomba nimsogezee kile kinu karibu na dirisha.