Kuchukia na kumchukia: uzito wa maneno ya kutopenda

Katika kikao kimoja cha familia hapa Mikindani, ambacho niliitwa kama jirani, binti mmoja aliwaambia wazee kuhusu mumewe maneno mawili tu: "Mwenzangu kanichukia." Huku kusini, ambako Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mwenye sauti katika shauri la namna hiyo ni mjomba, na mjomba wa binti huyo hakuanza kwa kuuliza kosa ni la nani. Aliuliza: "Kakuchukia, mwanangu, au kachukia tu?" Binti aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake asijibu. Mume alipopewa nafasi alisema, "Mzee, mimi nimechukia. Sijamchukia."

Swali la mjomba yule limenikaa kichwani kwa sababu linagusa jambo ambalo wengi wetu hulitumia kila siku bila kulitazama. Katika Kiswahili cha pwani, mtu akisemwa kuwa "amechukia", bila kutajwa aliyechukiwa, maana ya karibu ni kwamba ameudhika au amekasirika, na ndiyo maana muuzaji aliyekuchelewesha hukwambia "usichukie, ndugu yangu" wala hakuna anayefikiria uadui. Lakini kitenzi hichohicho kikishapachikwa mtu ndani yake, yaani amenichukia, amekuchukia, amemchukia, uzito wake hubadilika. Anayechukia huweza kuwa amepoa kabla ya magharibi. Aliyemchukia mwenzake huweza kukaa miaka bila kumjulia hali, na hata mazikoni akasimama mbali.

Siku hizi neno hili limetanuka sana, hasa midomoni mwa vijana. Mwanafunzi anachukia hesabu, abiria anachukia foleni ya kivuko, mtoto anachukia ugali wa muhogo. Walimu na wazee wengi wanalalamika, nao wana hoja nzito. Chuki, wanasema, ni jina la jambo linalotangulia madhara, na neno linalotumika kwa ugali haliwezi tena kumshtua mtu linapotumika kwa binadamu. Kwa majirani zetu wa Kenya, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007, sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Huko neno chuki linabeba kifungo na faini, na ni haki kuuliza kama neno lenye kazi kubwa kiasi hicho linafaa kuzungushwa ovyo mezani na vituoni.

Hata hivyo, upande wa pili una ushahidi ambao sioni namna ya kuukana. Tazama neno bughudha. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni chuki hasa; mawaidha mengi ya ndoa hutaja ile kauli kwamba talaka ni halali inayochukiza kuliko zote mbele ya Mwenyezi Mungu, na neno la Kiarabu lililomo ndani yake ni la mzizi huohuo. Lakini sisi tukisema "usinibughudhi" tunamaanisha usinisumbue, na mtu anayetaka kuishi "bila bughudha" anataka utulivu tu. Neno la chuki likawa neno la usumbufu, na Kiswahili hakikupungukiwa, kwa kuwa chuki ilikuwepo kushika nafasi yake. Aliyekubali safari ya bughudha hawezi kumkemea kijana kwa kosa la kulegeza kitenzi kimoja.

Kinachonisikitisha mimi ni kingine: wakati chukia linatanuka, maneno ya jirani yake yanakaa bila kazi, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Katika msimu wa korosho, mabibo yaliyoanguka yakilala chini ya mikorosho siku tatu nne, huanza kuchacha, nzi wakajaa, na ile harufu tamu yenye uchungu ikakushika kooni ukipita. Huwezi kusema unayachukia mabibo, maana asubuhi yake ulikuwa unayafyonza. Unayaonea kinyaa. Aliyekula dagaa wiki nzima hawachukii dagaa, amekinai. Na karaha ni hatua nyingine tena: ni neno la ukoo mmoja na makuruhu, ambayo mtoto wa madrasa Lindi au Kilwa hufundishwa kuwa ni jambo lisilopendeza ingawa halijafika haramu. Mtu mwenye karaha na jambo hulikwepa bila kulitakia mabaya, na ngazi hiyo ya katikati ndiyo tunayoipoteza tukiweka chukia kila mahali.

Lipo pia jambo moja ambalo watetezi wa lugha ya upole hawalisemi. Tunazo kauli nyingi za kufunika: damu zao haziendani, hawapikiki chungu kimoja. Hizi hulinda amani ya mtaa, lakini pia humziba mdomo anayeonewa, kwa sababu anayetendwa hugeuzwa kuwa mshirika wa ugomvi usio na mwenyewe. Kwa mtu huyo neno zito ni haki yake. Binti wa Mikindani hakujibu mbele ya mumewe. Mjomba alimwita kando, nyuma ya nyumba, wakazungumza peke yao, na waliporudi alimwambia mume kwamba mpwa wake amelirudia neno lake lilelile kwa utulivu, na kwamba kikao kitalichukua kama lilivyo.