Mshipa wa Fahali na Wazee wa Baraza

Mimi mlinzi wa nyumba moja Mbweni, na wenzangu wa zamu ni mbwa wawili aina ya Boerboel. Wasipopata cha kutafuna usiku, hutafuna mlango.

Mifupa ya miguu ya ng'ombe ni rahisi, lakini hupasua meno, khasa lile gego kubwa la juu, na kutibu gego la mbwa ni pesa za mahari. Chochote umpacho kibonye kwa ukucha: kisipoingia alama, ni kigumu mno. Mfupa uliopikwa ndiyo usimpe kabisa, huvunjika vipande vyenye ncha. Kumbi la nazi ni la bure, ila nyuzi zake zaweza kuziba utumbo.

Kinachofaa ni ule mshipa wa fahali, tuelewane. Hudumu, humeng'enywa tumboni, na si mwepesi wa kuvunja jino kama mfupa. Nikaenda Mwanakwerekwe, nikamnong'oneza muuza nyama sikioni. Akanijibu kwa sauti ya muadhini: "Mshipa wa dume? Upo! Unataka mingapi?"

Foleni nzima ikanigeukia.

"Ni wa mbwa," nikasema.

"Naam, naam. Wote husema wa mbwa."

Kuutengeneza si kazi ngumu. Chuna utando na mafuta yote, maana mafuta ndiyo yanayochacha. Kamua mkojo uliobaki katika mrija wa ndani. Hapo ukifanya uvivu, jirani atahama. Uchovye dakika chache kwenye maji yanayotokota, uuning'inize na jiwe chini ili unyooke. Ukianza kukakamaa, kata vipande virefu kuliko mdomo wa mbwa, umalizie kwa oveni, nyuzi 80 hivi, mpaka ndani kusibaki unyevu. Masika usijaribu kuanika nje, utavuna ukungu. Na upande wa shina ndio mnene. Ule wa ncha Boerboel huumaliza hujafunga geti.

Vipande vyangu vilikuwa juu ya waya, vikingoja oveni, alipotua kunguru. Hawa ndege waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 eti wale taka, na mpaka leo wao ndio huamua taka ni ipi. Akanyakua kimoja. Mwenzake akamfukuza, wakagombana angani juu ya baraza, na kipande kikadondoka katikati ya ubao wa bao. Kete zikaruka. Wazee wakakitazama, wakatazamana. Aliyekuwepo foleni Mwanakwerekwe akawaeleza.

Baada ya Isha mzee mmoja akaja getini, kipande kimo mfukoni mwa kanzu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki, dume lake lilikuwa na nguvu?"

"Mzee wangu, hicho ni cha mbwa."

"Mbwa keshakitia mdomo?"

"Bado."

"Basi si najisi. Kinatafunwaje?"

Nikamweleza vile vile nimwelezavyo mlinzi mwenzangu: kwanza nusu saa tu, tumbo lizoee, maji yawe karibu, na kikibaki kifupi cha kidole gumba anyang'anywe hapo hapo, asije akakimeza kizima akapaliwa.

Mzee akatafakari, akaniuliza kama kazi ya kunyang'anya anaweza kuifanya Bi Mkubwa wake.