Acha Kuhesabu Siku

Siku hizi kuna programu za simu ambazo kazi yake ni kukuhesabia. Umesoma kurasa mbili leo, namba inapanda. Kesho tena, inapanda. Ukikosa usiku mmoja, hata kama ulikuwa unauguza mtoto, inarudi sifuri. Ndiyo maana utamkuta mtu mzima, mwenye kazi inayomsubiri asubuhi, anakurupuka usingizini dakika chache kabla ya saa sita usiku ili abonyeze kitufe, namba isife. Muulize amejifunza nini usiku huo. Hana la kukujibu, kwa sababu alichokuwa anakilinda ni ile namba, na namba ameilinda kweli.

Nina ugomvi na mtindo huu. Naamini mfululizo usiokatika umeua tabia njema nyingi kuliko uvivu, na kwamba anayetaka kuwa na tija, nyumbani au kazini, angefaidika zaidi kwa kupima kitu kingine kabisa: akishakosa, anachukua muda gani kurudi?

Tuanze na zile siku 21 zinazotajwa kila mahali kana kwamba ni sheria ya maumbile. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuuzoea uso wao mpya. Alikuwa anaeleza alichokiona kwa wagonjwa wake, na alisema angalau. Waliolibeba wazo hilo baadaye wakaliacha hilo neno "angalau" njiani, na wagonjwa nao wakawaacha, tukabaki na ahadi kwamba wiki tatu zikipita mambo yatajiendesha yenyewe. Wengi wanaofika siku ya 22 na bado wanajisukuma kutoka kitandani huhitimisha kwamba wao ndio wabovu.

Waliopima jambo lenyewe walipata jibu lisilouzika kirahisi hivyo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na utafiti wao ukatoka mwaka 2009. Kila mmoja alichagua jambo moja la kula, kunywa au mazoezi, akaliambatanisha na tukio la kila siku, kwa mfano kumaliza kifungua kinywa. Kwa makadirio yao, mtu wa katikati alihitaji siku 66 hivi hadi jambo lile liwe linafanyika bila kulifikiria. Mwepesi kuliko wote alihitaji siku 18; mzito kuliko wote angehitaji 254. Waliochagua mazoezi ya viungo walichelewa kuliko waliochagua kunywa maji, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kujaribu yote mawili.

Namba 66 sasa inazunguka mitandaoni kama ilivyozunguka 21, nayo inageuzwa kuwa tarehe ya mwisho. Lakini katika utafiti huo huo kuna matokeo yasiyotajwa sana, na kwangu ndiyo yenye uzito: kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Mtu aliruka siku, akarudi, na mazoea yakaendelea kujengeka karibu pale pale yalipoachia.

Hapo utafiti unapishana na mzee mwenye heshima zake. William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia nchini Marekani, alionya mwaka 1890 kwamba usijiruhusu kukosa hata mara moja mpaka tabia mpya ishike mizizi. Alifananisha kosa moja na kudondosha donge la uzi unalolizungusha kwa makini: likianguka mara moja tu, hufumuka mizunguko mingi kuliko utakayoirudisha kwa muda mfupi. Ni mfano mzuri, na nashuku uzuri wake ndio uliotufanya tuuamini kwa zaidi ya karne. Wahenga wetu, ambao hawakuwa na maabara wala chuo, walikuwa karibu zaidi na ukweli waliposema kuteleza si kuanguka.

Mara nyingi uzi unafumuliwa na yale ambayo mtu anajiambia baada ya kuteleza. Wanasaikolojia Janet Polivy na Peter Herman wa Canada waliliona hili kwa watu wanaojinyima chakula ili wapungue. Wakishaamini kwamba mpango wa siku umevunjika, hawali kidogo ili kufidia, wanakula zaidi. Mpango si umeshaharibika? Liwalo na liwe. Sasa mchukue mtu aliyejengewa namba ya siku mia na kitu, asubuhi moja akaikuta sifuri. Alichofanya kwa miezi mitatu kingali kichwani na mwilini mwake, lakini kioo cha simu kinamwambia hana kitu, naye anakiamini. Leo ataruka tena. Wiki ijayo ataifuta programu yenyewe, na kile alichokuwa anajifunza kitaondoka nayo.

Najua kuna atakayeuliza: bila hesabu, nitajuaje kama nasonga au nimekaa? Hesabu, lakini hesabu kazi. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza, Anthony Trollope, alikuwa mtumishi wa posta kwa miaka mingi huku akiandika vitabu vyake. Alikuwa mezani saa 11 na nusu alfajiri, saa yake mbele yake, akijiwekea lazima ya maneno 250 kila robo saa. Ukiishia hapo utamwona kama mashine, na ndivyo anavyosimuliwa na wahubiri wa kuamka mapema. Ila alikuwa na daftari, na daftari lile liligawanywa kwa wiki. Aliandika humo kurasa alizotoa kila siku, kwa wastani kurasa 40 kwa wiki, wiki nyingine zikishuka hadi 20 na moja ikapanda hadi 112. Akizembea siku moja au mbili, pengo lilimkodolea macho kutoka kwenye daftari na kumdai kazi ya ziada hadi lizibwe. Angalia tofauti ilivyo kubwa. Daftari la wiki linakuambia unadaiwa kurasa nane na Alhamisi haijaisha. Hesabu ya mfululizo inakuambia umekwisha.

(Na wale wanaomtumia kutukemea sisi tunaolala huwa hawataji kwamba alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe, naye alikuwa akiletewa kahawa. Nidhamu yake ilikuwa na mtu wa kuisaidia.)

Kurudi kunahitaji mlango, na mlango huo hujengwa kabla ya kukosa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, amefanya kazi ndefu kuhusu mipango ya aina hii: ikitokea hivi, nitafanya hivi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya mbinu hiyo, wakakuta kwamba wanaoweka mpango wa namna hiyo hutimiza malengo yao kwa kiasi kikubwa kuliko wanaobaki na nia peke yake. Nia inasema, nataka kuandika zaidi. Mpango unasema, nikishakaa kwenye kiti na kabla ya kufungua baruapepe, nitaandika aya moja ya ripoti. Uamuzi umeshafanyika jana, ulipokuwa na akili tulivu. Leo kilichobaki ni kukaa.

Hapa ndipo watu huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Neno jioni halitoshi kuwa kiashiria, yaani jambo la kukuambia sasa anza, maana jioni ni muda wa saa nne nzima na simu iko mkononi. "Nikipata nafasi" ni mbaya zaidi, kwa sababu nafasi haipatikani, hutengwa. Kiashiria kizuri ni tukio ambalo lingetokea hata usingekuwa na mpango wowote: kupiga mswaki, kuvua viatu baada ya kazi, kufunga mlango wa ofisi, kukata simu ya mkutano wa asubuhi. Tena kiwe na mwisho unaoonekana. Kumaliza kupiga mswaki kunaonekana. Kumaliza kupumzika hakuonekani, na ndiyo maana tabia zinazotundikwa kwenye "nikishapumzika" huwa hazianzi.

Halafu ongeza sentensi ya pili, ambayo wengi hawaiandiki: nikikosa asubuhi, nitafanya dakika tano kabla ya kuzima kompyuta. Na ya tatu: nikikosa siku nzima, kesho nafanya nusu tu. Wengi hufanya kinyume chake. Wakikosa Jumatatu, Jumanne wanajiadhibu kwa kujipangia mara mbili, Jumanne inashindikana, Jumatano wanadaiwa mara tatu. Trollope aliweza kufidia kwa sababu mazoea yake yalikuwa yamekomaa na wiki yake ilikuwa na nafasi. Wewe uliyeanza mwezi uliopita, siku ya kurudi iwe nyepesi kiasi cha kukuchekesha.

Kuna pia kukosa ambako hakutokani na mtu. Umehama nyumba, umebadilishiwa zamu, umeuguza mgonjwa wiki mbili, na mambo uliyokuwa ukiyafanya bila kufikiri yote yamekatika kwa pamoja. Unajilaumu kwamba umekuwa mlegevu. Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake waliwafuatilia wanafunzi waliohamia chuo kingine, katika utafiti uliotoka mwaka 2005, wakaona kwamba tabia kama mazoezi na kusoma gazeti zilidumu pale mazingira mapya yalipofanana na ya zamani, na pale yalipobadilika zikadhoofika. Utashi wa mtu haukuwa umeachwa chuo cha kwanza. Kilichoachwa ni njia aliyokuwa akipita na chumba alichokuwa akikaa. Anayejua hilo hatumii wiki nzima kujisema. Atatafuta kiashiria kipya mahali papya, akijua kwamba sehemu ya kazi itaanza upya.

Na wakati mwingine kukatika ni heri. Februari 2014 wafanyakazi wa reli ya chini ya ardhi ya London waligoma kwa siku mbili, baadhi ya vituo vikafungwa, na wasafiri wakalazimika kubuni njia nyingine za kufika kazini. Wachumi walipochunguza data za kadi za usafiri walikuta kwamba takriban asilimia 5 ya wasafiri hawakurudi tena kwenye njia yao ya zamani hata mgomo ulipokwisha. Walikuwa wamegundua njia bora, ambayo ilikuwapo siku zote. Mtu mwenye mfululizo wa siku 500 hawezi kugundua jambo kama hilo, kwani hajisimamishi hata siku moja kuuliza kama bado anahitaji anachokifanya. Kila tabia inapokatika, kabla ya kuirudia, jiulize kama ungeianza leo kama ungekuwa hujawahi kuifanya. Baadhi ya ripoti za kila wiki zinazoandikwa maofisini hazingeshinda swali hilo.

Ofisi zenyewe, kwa kweli, ndizo zinazoupenda mfululizo kuliko mtu mmoja mmoja. Zipo tuzo za kutokosa kazi hata siku moja, na picha za washindi hubandikwa ukutani. Timothy Gubler, Ian Larkin na Lamar Pierce walichunguza kampuni moja ya Marekani inayofua nguo kwa wingi, ambayo kiwanda chake kimoja kilianzisha tuzo ya namna hiyo kwa wasiokosa wala kuchelewa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 yangewafaa mameneja wengi. Wafanyakazi waliwahi pale walipokuwa bado wana nafasi ya kushinda. Wakishaipoteza, bidii ya kuwahi ilipungua. Tena wale waliokuwa wakiwahi tangu zamani bila kuahidiwa chochote walivunjika moyo, na utendaji wao ukashuka.

Kama unasimamia watu, basi, usiweke zawadi mahali ambapo kosa moja la tarehe tatu linaifuta hadi mwisho wa mwezi. Pima kilichotoka kwa wiki mbili au kwa mwezi mzima, ili aliyeanguka Jumatatu awe na sababu ya kujitahidi Jumanne. Na mfanyakazi anaporudi kutoka kuugua au kufiwa, usimtwishe siku ya kwanza baruapepe zote zilizorundikana. Mpe kazi moja anayoijua vizuri, ndogo kiasi kwamba ataimaliza kabla ya saa sita mchana, na hayo mengine yaanze kesho yake.