Msituambie tuache Supa, wekeni kinga ndani ya Supa yenyewe

Kila ugonjwa wa mpunga wa kimyanga ukipiga ushauri unakuwa ule ule, achaneni na Supa, ule mpunga wetu wa kunukia, pandeni mbegu mpya. Mi sikubaliani kabisa. Mkulima wa Kilombero au Kyela anajua vizuri tu kwamba Supa inachelewa, inalala na inashikwa na magonjwa, ila ile harufu ndo inamleta mnunuzi mpaka shambani, sasa unamwambia aache kitu kinacholipa ada za watoto halafu unamwita mbishi?

Kwa wasiokijua, kimyanga ni ugonjwa wa kirusi, uliripotiwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1966 karibu na Kisumu, na mpaka leo upo Afrika tu. Majani yanaanza na vidoa vya njano vinavyofuata mishipa, mpunga unadumaa, suke linashindwa kuchomoza vizuri na likichomoza ni mapepe matupu. Wadudu wanausambaza, ng'ombe wakipita wanakula wanausambaza, hata mikono yetu wenyewe tukiwa tunang'oa miche kitaluni. Na dawa ya kupulizia ya kuua hicho kirusi haipo, usije ukadanganywa dukani.

Lakini kinga ipo, tena kwa jirani. Msumbiji kuna mpunga unaitwa Gigante, huo kirusi kinauingia ila kinashindwa kuzaliana. Yaani kirusi hakina mtambo wake wa kutengeneza protini, kinategemea wa mpunga, kwa hiyo protini yake iitwayo VPg lazima ishikane na protini fulani ya mmea ndo kazi ianze. Kwenye Gigante hiyo protini ya mmea imebadilika asidi amino moja tu (yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyoijenga protini), ya 309, basi VPg inakosa pa kushika! Jeni yenyewe inaitwa rymv1, na mche ukirithi nakala moja tu haujakingika, lazima zote mbili, ndo maana kuchagua kwa macho shambani ni kazi kweli, ila ukiwa na vipimo vya DNA unakata kipande cha jani la mche mchanga tu unajua umebeba au haujabeba. Unapandisha Supa na Gigante, watoto unawarudisha kwa Supa tena na tena huku unaifuatilia jeni, mpaka harufu irudi. Wala sio GMO, yaani mbegu iliyobadilishwa jeni maabara. AfricaRice, kile kituo cha utafiti wa mpunga Afrika, walishafanya hivyo kwa mbegu za Afrika Magharibi, kwa nini sio kwa za kwetu?

Ila jeni moja haitoshi na hapa naomba wataalamu wasifanye haraka. Kirusi nacho kinabadilika, VPg ikigeuka kidogo tu inaweza ikaivunja hiyo kinga, na Tanzania ni kati ya sehemu zenye aina nyingi kabisa za kirusi hiki. Ule mpunga wa asili wa Afrika, Oryza glaberrima, una jeni zingine za kinga, RYMV2 na RYMV3, ziunganishwe na hii. Zijaribiwe kwa virusi vya huku huku mashambani kwetu, na kabla mbegu haijapitishwa wali upikwe, wakulima na wanunuzi wa mchele waonje.